Jeki Huinua, Haishiki

Kibera na Kawangware magari hutengenezwa kando ya barabara, juu ya udongo mtupu, na mara nyingi jeki peke yake ndiyo inayomtenga fundi na tani nzima ya chuma. Hatari hiyo ina kinga, na kinga yenyewe si ghali.

Jumapili ndiyo siku ya gari kupumzika na fundi kuchoka. Kando ya Naivasha Road huko Kawangware, na kuzunguka Makina na Karanja Road upande wa Kibera, Probox iliyobeba mboga wiki nzima na Vitz iliyozunguka usiku kucha kutafuta abiria wa teksi za simu huegeshwa palipo na nafasi, upande mmoja ukapandishwa, tairi likatolewa. Chini yake huonekana miguu miwili iliyovaa ovaroli, na ubavuni amechutama kijana wa kupokeza spana. Mwenye gari amesimama papo hapo akitazama saa, maana kesho alfajiri gari lazima liwe kazini.

Kazi hii imezoeleka mno hata mpita njia haigeukii. Mazoea hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Gari dogo la abiria lina uzito wa tani moja hivi, na likipandishwa kwa jeki moja, upande mzima unakuwa umekaa juu ya kichuma kinachoenea kiganjani. Kichuma hicho kikiteleza, anayelala chini hapati muda wa kujivuta nje.

Likitokea la kutokea, msibani husemwa kwamba ajali haina kinga. Msemo huo hufariji, na aliyefiwa ana haki ya kufarijiwa. Lakini walio hai wasiufanye kuwa sheria ya kazi. Gari kuanguka kutoka kwenye jeki ni ajali yenye kinga inayojulikana, inayonunuliwa dukani na kubebwa mkononi. Kazi ya jeki ni kuinua. Kulishika gari ni kazi ya kitu kingine, na mtu asiingie chini kabla kitu hicho hakijawekwa.

Jeki iliyokuja na gari

Magari mengi yanayotengenezwa katika mitaa hii yaliingia Kenya yakiwa yametumika Japani. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiitwacho KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na usukani sharti uwe kulia. Hadi linafika kwa dereva wa Kawangware, gari mara nyingi limeshapita mikono kadhaa. Ndani ya buti, chini ya zulia, mna jeki ndogo ya mkasi na wili spana yake. Wakati mwingine hamna kitu: jeki iliuzwa, au iliazimwa isirudi.

Jeki hiyo ya mkasi ilitengenezwa kwa kazi moja tu, kubadilisha tairi lililopata pancha. Tako lake ni jembamba, na haikukusudiwa kubeba gari wakati mtu anafungua giaboksi. Onyo limebandikwa papo hapo na kitabu cha gari kinaeleza kwa michoro, lakini kwa Kijapani. Kwa hiyo dereva wetu hukosa mambo mawili makubwa: agizo kwamba mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki hiyo, na maelezo ya mahali pa kuiweka.

Mahali penyewe panaonekana hata kwa asiyesoma Kijapani. Inama utazame ukingo wa bodi chini ya milango. Nyuma kidogo ya tairi la mbele, na mbele kidogo ya tairi la nyuma, kila mahali utakuta jozi ya vipengo vidogo vilivyokaribiana, vilivyokatwa katika ukingo huo. Kati ya vipengo vya kila jozi chuma kimeongezwa nguvu, na kichwa cha jeki ya mkasi kina mfereji unaouchukua ukingo hapo. Ukienda nje ya vipengo, bati litabonyea. Magari mengi mitaani yamekwisha kubonyezwa hivyo na watu wa haraka, na ukingo uliobonyea au kuoza kwa kutu hauwezi kuaminiwa tena.

Fundi mwenye jeki ya troli hutafuta krosimemba, yaani boriti ya chuma inayokingama chini ya gari, upande wa mbele, au ekseli kwa gari lenye ekseli nzima nyuma, kama Hiace. Sampu ya oili, bomba la ekzosi, sakafu ya gari na giaboksi si mahali pa kuinulia. Sampu ikipasuka, kazi ya shilingi mia chache inageuka deni.

Pete ya mpira

Jeki ya chupa na jeki ya troli hutumia oili iliyofungiwa ndani. Mfaransa Blaise Pascal, katika karne ya 17, alieleza kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, msukumo huenea sawasawa pande zote. Mwaka 1795, huko Uingereza, Joseph Bramah alisajili mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo. Pistoni nyembamba ikisukumwa mara nyingi, pistoni nene hupanda kidogo kidogo ikiwa na nguvu kubwa. Ndiyo sababu kijana mmoja anaweza kuinua gari zima kwa mkono mmoja.

Hata hivyo, kinachozuia gari lisirudi chini ni pete ya mpira, yaani sili, pamoja na vali ndogo. Sili ikichakaa au vali ikiingiwa na chembe ya uchafu, oili hupita na gari hushuka. Pengine litashuka taratibu hata usitambue. Pengine litashuka kwa mkupuo.

Kwetu sili huharibiwa na matunzo mabovu kabla ya kuharibiwa na umri. Jeki hulala nje mvuani, pistoni ikashika kutu, na kutu hiyo huikwaruza sili kila pistoni inapopanda na kushuka. Oili ikipungua huongezwa chochote kilichopo, hata oili ya breki. Oili ya breki si jamii moja na oili ya jeki: huuvimbisha na kuulainisha mpira wa sili ambao haukutengenezwa kwa ajili yake. Kuna wanaoilaza jeki ya chupa ubavu ili ienee mahali pembamba, ikavuta hewa badala ya oili. Kuna wanaopandisha pistoni kupita alama ya mwisho, hadi ndani pasibaki chuma cha kutosha kuizuia isiyumbe.

Jeki hupimwa kwa njia nyepesi. Inua gari, pima kwa futi urefu kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi, kisha uache dakika 10 bila mtu kukaribia. Kama limeshuka hata kidogo, jeki hiyo iende kwa fundi wa haidroliki au itupwe. Kama halikushuka, umepata jeki nzuri ya kuinulia, wala hilo halikupi ruhusa ya kulala chini yake.

Udongo, mteremko na hati ya ardhi

Kitabu cha gari lolote husema gari liinuliwe mahali tambarare na pagumu. Kibera hapo ndipo penye taabu. Mtaa umeteremka kuelekea mto Ngong na Nairobi Dam, bwawa lililojengwa mwaka 1953. Kawangware nayo ni migongo na mabonde. Huku magharibi mwa Nairobi udongo ni mwekundu, mgumu mwezi Februari na laini mwezi Aprili, mvua ndefu zikishakolea.

Tufanye hesabu. Gari la kilo 1,200 huelemea mbele kwa sababu ya injini, kwa hiyo kona moja ya mbele hubeba kama kilo 350. Ukiinua kona hiyo kwa jeki yenye tako la sentimita 10 kwa 10, kila sentimita ya mraba ya udongo inabebeshwa kilo 3.5. Ukiitia jeki hiyo ubao wa sentimita 40 kwa 40, mzigo ule ule unasambaa hadi kila sentimita ya mraba ibebe gramu 220 hivi. Ubao uwe wa mti mgumu, mnene wa sentimita 5, usio na ufa. Kipande hicho hupatikana kwa seremala yeyote wa Toi Market au Kawangware, tena mara nyingi kwenye mabaki yake.

Lipo jambo la pili ambalo macho huchelewa kuliona. Gari likiinuliwa upande mmoja halipandi wima. Huzunguka juu ya matairi yaliyobaki chini, hivyo pale jeki iliposhika pana kupanda na pana kusogea. Jeki ya troli ilitiwa magurudumu kwa sababu hiyo, ili ilifuate gari linavyosogea. Juu ya zege hujivuta yenyewe. Juu ya udongo au kokoto magurudumu yake madogo huzama na jeki hubaki palepale, huku gari likiendelea kusogea na kichwa cha jeki kikianza kuteleza. Jeki ya chupa, isiyo na magurudumu, huinama. Basi jeki ya bei kubwa iliyowekwa juu ya udongo haijamaliza hatari. Chini yake hutakiwa ubao mrefu, mpana na imara, ambao jeki inaweza kusogea juu yake.

Dawa ya kudumu ni sakafu. Bamba la zege la mita 3 kwa 5, lenye unene wa sentimita 12, linahitaji mita za ujazo 1.8 za zege, yaani mifuko kama 12 ya saruji ya kilo 50, pamoja na mchanga na kokoto. Chama cha mafundi watano kinalimudu. Mbona basi gereji nyingi hazina bamba hilo? Fundi hamwagi zege mahali ambapo huenda mwezi ujao ataamriwa kuhama.

Historia ya Kibera inalieleza jambo hili vizuri. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi, na wakazi wake walikuwa Wanubi, askari wa King's African Rifles na jamaa zao. Karibu miaka 100 ilipita kabla jamii hiyo haijakabidhiwa hati ya ekari 288, mwaka 2017. Wakazi wengine wengi na biashara zao wamebaki bila hati. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Fundi aliyeyaona hayo ana sababu ya kuziweka akiba zake katika spana anazoweza kukimbia nazo.

Kwa hiyo usalama chini ya gari unaanzia mbali na jeki. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyoitaka serikali iitambue kazi ya jua kali badala ya kuifukuza. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na mabanda ya serikali yakafuata. Sheria ya biashara ndogo ya mwaka 2012 ilianzisha mamlaka ya kuzisimamia, ambayo miongoni mwa kazi zake ni maeneo ya kufanyia kazi. Wanaogawa maeneo hayo wajue kwamba fundi wa magari akipewa paa bila sakafu ngumu, amepewa kivuli tu. Mvua haimuui. Kinachomuua ni jeki iliyozama.

Kuinua gari ipasavyo

Anza kwa kutoa watu na mizigo ndani ya gari. Chagua mahali tambarare kadiri inavyowezekana, mbali na ukingo wa barabara ambako matatu au boda boda inaweza kuligusa gari. Vuta hendibreki. Gari la otomatiki liache kwenye P, la manyuali kwenye gia ya kwanza.

Hendibreki na gia havitoshi. Katika magari mengi madogo hendibreki hukamata matairi ya nyuma peke yake. Ukiinua nyuma, breki imekamata matairi yaliyo hewani, na ya mbele yanazuiwa na gia tu. Gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, kama Hiace ya matatu, lina mtego wake: likiinuliwa tairi moja la nyuma, difu huliruhusu hilo la hewani lizunguke upande mmoja na la ardhini lizunguke upande mwingine, hata gia ikiwa imeingia. Kama hendibreki ni mbovu, na za matatu kuukuu huwa mbovu, gari litatembea. Ndiyo maana kabari ni lazima. Tia kabari mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini, hasa ya upande ulio mbali na jeki. Vipande viwili vya mbao vilivyochongwa pembe vinafaa. Jiwe la mviringo halifai, kwani tairi hulipanda au kulisukuma.

Legeza nati za tairi robo mzunguko gari likiwa bado chini. Nati iliyoshika kutu hudai nguvu, na nguvu hiyo ikitumiwa gari likiwa hewani hulitikisa mpaka lianguke. Ndipo uweke ubao, jeki juu ya ubao, kichwa cha jeki katika mahali pake. Inua kidogo, simama, tazama. Je, jeki imesimama wima? Je, ubao umezama upande mmoja? Kama kuna dalili yoyote ya kuinama, shusha uanze upya. Kushusha na kuanza upya huchukua dakika tatu.

Gari likifika kimo, weka stendi, yaani kile kifaa cha kulishika gari, chini ya sehemu ngumu, karibu na pale panapoinuliwa, kila stendi juu ya ubao wake. Kama unainua upande mzima wa mbele au wa nyuma, ziwe mbili, zenye kimo kimoja, pini zake zimeingia hadi mwisho. Shusha jeki polepole hadi uzito wote ukae juu ya stendi, kisha ipandishe jeki kidogo iguse tu, ibaki kuwa msaada wa akiba. Tairi ulilotoa, au spea, lilaze chini ya ukingo wa bodi. Stendi zikishindwa, gari litaangukia tairi, na kati ya chuma na udongo itabaki nafasi inayoweza kumnusuru mtu.

Halafu simama kando, ulisukume gari kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara kadhaa. Kama ni la kuanguka, na lianguke sasa. Likitulia, ingia. Usiingie ukiwa peke yako mahali ambapo hakuna atakayekusikia. Waondoe watoto, kwa maana katika ploti zetu mahali pa kuegesha ndipo mahali pa kuchezea. Injini isiwashwe mtu akiwa chini.

Wakati wa kushusha, hesabu spana zako, tazama chini ya gari mara ya mwisho, toa stendi na tairi la akiba, shusha taratibu. Nati zikazwe kwa kupishana, moja kisha ya upande wa pili, na zimaliziwe gari likiwa ardhini. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zikaze tena.

Mawe, mbao na stendi

Mahali pasipo na stendi huwekwa jiwe. Nairobi jiwe hilo ni la kujengea, lile linalochongwa machimboni kama Ndarugo. Ukutani, likiwa limelala sawasawa na kuelemewa pande zote, hubeba ghorofa. Chini ya gari huelemewa na ncha moja ya chuma, na mwamba wa namna hiyo haupindi wala haulalamiki kabla ya kupasuka. Tofali la zege lenye matundu ni baya zaidi. Mbao ngumu zilizopangwa kwa kukingamana, mbili huku na mbili kule, ni afadhali mara nyingi, kwa kuwa ubao huminyika na kulia kwanza, na mlio huo humpa mtu nafasi. Lakini rundo liwe fupi kuliko upana wake.

Wachomeleaji wa jua kali hutengeneza stendi kwa mabomba na vyuma vya pembe, na wapo wanaozitengeneza vyema. Kabla ya kuziamini, zikague: miguu iwe minne au mitatu iliyotanuka, chomelea iwe imekolea pande zote bila matundu, pini iwe nene, wala isiwe msumari. Ziwekee gari zito kuliko lako zikae siku nzima bila mtu chini, kisha uangalie kama kuna ufa au kilichopinda.

Wala chapa ya kiwandani isikulaze usingizi. Mwaka 2020 huko Marekani kampuni ya Harbor Freight ililazimika kuziita stendi zake zirudishwe madukani, kwa sababu meno ya kushikilia kimo yaliweza kuachia gari likiwa juu. Baadhi ya stendi zilizotolewa badala ya zile nazo zikagunduliwa kuwa na kasoro ya kuchomelea, zikaitwa tena. Kama nchi yenye maabara na wakaguzi inaweza kuuziwa stendi mbovu, nasi tunaonunua kwenye meza za Kirinyaga Road tuna wajibu wa kukagua kwa macho na kuweka tairi la akiba hata stendi zikiwa mpya.

Likianguka

Uzito ukikaa juu ya kifua, mbavu hazipanuki na mtu hawezi kuvuta pumzi. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, kama nne hadi sita. Wakati huo hautoshi kusubiri gari la wagonjwa lipenye katika njia za Kibera. Msaada wa kwanza ni walio hapo.

Mmoja apige simu: 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Mwingine alete jeki nyingine na kuiweka mahali pagumu pasipo na mtu. Gari linavyopanda, watu waingize mbao, matairi au mawe hatua kwa hatua, ili lisirudi tena. Wengi wakilishika kwa mikono na kuinua pamoja, nayo hufaa, mradi mtu mmoja ndiye anayetoa amri na hakuna anayeachia kabla mbao hazijaingia. Wasimvute majeruhi kabla uzito haujaondoka juu yake. Ikibidi kumwondoa kwa sababu ya moto, mgongo na shingo vishikwe vinyooke. Asiyepumua apewe huduma ya kwanza papo hapo na anayeijua.

Mtu aliyebanwa mguu au paja kwa muda mrefu asiachwe aende nyumbani hata akisema yuko salama. Daktari Eric Bywaters wa London alieleza mwaka 1941, baada ya kuwahudumia waliofukiwa na vifusi vya mabomu, jinsi misuli iliyopondeka inavyotoa sumu zinazoziba figo mtu akishaokolewa. Kibera ina bahati ya kuwa karibu na hospitali ya Mbagathi na hospitali kuu ya Kenyatta. Apelekwe huko siku hiyo hiyo.

Gharama ni ya nani?

Fundi hulaumiwa kwanza, ilhali fundi hupanga bei yake mbele ya mteja anayebisha hadi shilingi ya mwisho. Bei hiyo ina kazi na vipuri. Haina stendi, haina ubao, haina dakika 15 za kuandaa. Kwa hiyo wa kwanza kubeba gharama ni mteja: anayemharakisha fundi anamkatia dakika hizo, kisha analala kwake salama. Jozi ya stendi za tani mbili au tatu kwa kawaida haifiki bei ya matairi mawili mapya ya gari dogo, na hudumu miaka mingi. Mwenye gari anayejitengenezea mwenyewe katika ploti anaweza kuchangia jozi moja na majirani wawili. Mwenye gereji anaweza kuilipia kwa kazi za wiki moja nzuri.

Wa pili ni mwenye gereji. Mwanagenzi ndiye anayetumwa chini, kwa sababu ni mwembamba na hana sauti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika anayeendesha mahali pa kazi wajibu wa kumlinda kila anayefanya kazi hapo, na haikuwasamehe wa kando ya barabara. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo, maarufu kama WIBA, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi, na kwa kifo au ulemavu wa kudumu imeweka fidia ya hadi mapato ya miezi 96. Ni haki ambayo kijana asiyeandikwa popote ataidai kwa taabu. Basi aandikwe, hata kama ni kwenye daftari la chama, na siku yake ya kwanza aonyeshwe stendi kabla ya spana.

Wa tatu ni wanaofundisha. Chuo cha Kabete, kilichoanza mwaka 1924 kufundisha Waafrika ufundi, kiko mwendo mfupi kutoka Kawangware, na chuo cha P.C. Kinyanjui kiko upande wa Riruta. Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ina madaraja matatu, na fundi aliyejifunza gerejini anaweza kuifanya bila kupitia darasani. Vyuo hivi vikitoka nje Jumamosi moja, vikaja na stendi, mbao na mkufunzi hadi Kawangware au Makina, vitawafikia vijana ambao ada haitawaruhusu kamwe kuvuka lango. Somo lenyewe halichukui hata nusu siku.

Mageuzi ya ardhi na sheria yatachukua muda wake, na kuyadai ni wajibu wetu sote. Lakini mwenye gari ana uwezo ambao hausubiri kaunti wala bunge, kwa sababu pesa ziko mfukoni mwake na gereji ziko nyingi. Kabla ya kutoa ufunguo, aulize stendi ziko wapi na aonyeshwe. Kama hazipo, alipeleke gari kwa jirani aliye nazo, na aseme waziwazi ni kwa nini ameondoka. Gereji mbili tatu zikipoteza wateja kwa sababu hiyo, stendi zitanunuliwa haraka kuliko agizo lolote la serikali lingeweza kufanya, na kijana anayelala chini ya gari hatahitaji kuombewa bahati ili arudi kwao jioni.